Viatu Vilivyokwenda Makaburini Bila Mimi

Niliyoyashuhudia ni haya. Asubuhi ya maziko ya rafiki yangu, huko Temeke, nilivua viatu vyangu vya ngozi ya kahawia mbele ya mlango wake, nikavisogeza ukutani upande wa kulia wa kizingiti, nikaingia ndani. Nilipotoka, ukuta ulikuwapo na viatu havikuwapo. Niliyoyasikia ni mengi zaidi. Nilisikia kwamba vimeonekana sokoni. Nilisikia kwamba vimekwisha kuuzwa. Nilisikia jina la aliyevichukua, na nililisikia kwa watu watatu, kila mmoja na jina lake, na kila mmoja akiapa. Majina hayo hayamo humu. Nitamtaja mtu mmoja tu kati ya waliotajwa, kwa nafasi yake na si kwa jina, kwa sababu tuhuma ilimwangukia nikiwa nimekaa pale, na ilikaribia kumvunjia ndoa.

Kabla ya kustaafu nilikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo. Nimetembea masoko ya Buguruni, Tandika na Ubungo nikiwa na mawe ya serikali ndani ya sanduku la mbao. Mfanyabiashara aliponiambia kwamba mizani yake ni sahihi, sikumbishia wala sikumkubalia. Niliweka jiwe langu juu ya sahani, nikautazama mshale. Tabia hiyo haikustaafu pamoja nami. Mke wangu anasema ndiyo inayowafanya majirani zetu wa Goba wanyamaze ninapopita karibu na baraza zao. Huenda ni kweli. Sijalichunguza.

Marehemu alikuwa mwenzangu katika kazi hiyo. Ndiye aliyekuwapo siku ambayo safu ya magunia ya mchele iliteleza ghalani ikanivunja mguu wa kushoto. Mfupa uliunga, lakini mguu ulibaki mfupi kuliko mwenzake kwa unene wa kidole. Kwa muda mrefu nilitembea nikichechemea, kiuno kikiniuma, na wauza dagaa wakinitambua kwa mwendo kabla hawajaiona sura yangu. Rafiki yangu alichoka kuniona hivyo. Alinipeleka kwa fundi viatu mmoja wa Temeke, akamsimamia fundi wakati anapima, akakataa mara mbili ngozi aliyoletewa. Fundi akanishonea viatu vya kufunga kwa kamba, na soli ya kushoto akaiongezea tabaka za ngozi, chini yake akapigilia mpira wa tairi, mpaka kiatu kikafidia kile ambacho mguu ulipoteza.

Nilivivaa palepale kibandani, nikasimama. Mabega yangu yalilingana. Rafiki yangu akanizunguka kama tunavyoizunguka mizani mpya, akainama, akanitazama kwa usawa wa macho.

"Umesawazishwa," akasema. "Sasa tukugonge mhuri wapi, kwenye paji au kwenye makalio?"

Sikuwa mtu wa kucheka kazini, lakini siku ile nilicheka.

Viatu hivyo nimevivaa tangu wakati huo. Soli zimebadilishwa, kisigino kimepigiliwa upya, uzi umeshonwa juu ya uzi, ila ngozi ya juu ni ileile. Kila Jumamosi alasiri hukaa kwenye kibaraza changu nikavipiga brashi, kwanza ya kuondoa vumbi la kilima chetu, kisha ya dawa, kisha kitambaa. Watoto wangu waliwahi kuninunulia viatu vya kisasa, vyepesi, vyenye soli nyeupe. Niliwashukuru, nikavirudisha ndani ya boksi lake. Kiatu kisichonisimamisha wima si kiatu changu, hata kiwe kizuri namna gani.

Kwa hiyo ieleweke kwamba aliyeondoka na viatu vile aliondoka na kitu ambacho yeye mwenyewe hakiwezi kumfaa, na ambacho mimi siwezi kukikosa.

Siku ya maziko kulikuwa na manyunyu tangu alfajiri. Turubai lilikuwa limefungwa kutoka bati la nyumba hadi nguzo ya umeme, na chini yake kulikuwa na viti vya plastiki. Mimi ni Mkristo, mtu wa bara, lakini familia ile haijawahi kunihesabu kuwa mgeni. Niliitwa ndani, nikakalishwa kwenye mkeka pamoja na wanaume waliokuwa wakisoma. Viatu vya watu wote vilikuwa nje, mlangoni, vimerundikana.

Anayezijua nyumba zetu za misiba anajua kanuni isiyoandikwa ya viatu vya mlangoni: vikishafika pale ni vya wote mpaka mwenyewe atakapovihitaji. Mtu akitaka kwenda msalani huingiza miguu katika jozi iliyo karibu. Akirudi huiacha atakapoiacha. Hakuna anayeuita huo wizi. Na jeneza linapoinuliwa ndipo kanuni hiyo inapofika ukomo wake, kwa sababu kila mwanaume anataka kulitia bega, japo kwa hatua chache, na jeneza halimsubiri mtu afunge kamba za viatu. Sauti za dua zilipopanda, waliokuwa karibu na mlango wakatoka kwa kasi. Mimi, kwa umri wangu na mguu wangu, nilitoka mwisho.

Palikuwa pamebaki kandambili mbili, moja ya kijani na nyingine ya buluu, zote mbili za mguu wa kulia.

Nilizivaa. Ningefanya nini? Nilimfuata rafiki yangu makaburini nikiwa nimevaa vile, nikichechemea katika tope kama nilivyokuwa nikichechemea kabla hajanipeleka kwa fundi. Sikumlaumu mtu. Niliamini kwamba msafara ukirudi viatu navyo vitarudi. Msafara ulirudi. Watu walinawa miguu, wakala, wakaondoka mmoja mmoja, na mlangoni viatu vikapungua mpaka zikabaki zile kandambili zangu za kuazima. Hizo ndizo nilizorudi nazo Goba.

Mke wangu alinitazama miguuni kabla ya kunipa pole.

"Ulikwenda kuzika au kubadilishana viatu?"

"Vimechukuliwa."

"Na nani?"

"Sijui."

"Watu wanasema nani?"

"Sikuwauliza watu."

"Haya," akasema, akienda kunichemshia maji ya kukanda kiuno. "Basi kesho utawasikia bila kuwauliza."

Alikuwa sahihi. Siku ya pili nilirudi Temeke kukaa tanga, na kabla sijaketi nilikuta shauri limekwisha kukatwa. Aliyelikata alikuwa kaka yake mjane, yaani mjomba wa watoto wa marehemu, mtu mnene mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa. Mjane alikuwa ndani, ameanza eda yake, na mjomba ndiye aliyesimamia mambo ya nyumba.

"Shemeji, karibu," akaniambia. "Viatu vyako tumeshajua viliko."

"Umeviona?"

"Viko Buguruni, mezani kwa mkwe wetu. Jana alikuja hapa na begi lake kubwa. Mtu gani anakuja kuzika na begi? Na kazi yake unaijua."

Niliijua. Mume wa binti wa marehemu anauza viatu vya mtumba Buguruni. Watu wawili waliokaa kwenye viti vya jirani wakacheka kidogo. Mmoja akasema, "Mkwe huyu akija kukusalimia, unasimama juu ya viatu vyako." Mwingine akasema kwamba begi lilionekana limevimba.

"Nani aliliona limevimba?" nikauliza.

"Watu."

"Watu gani?"

"Mzee, watu waliliona, bwana."

Mjomba akaniinamia. Akaeleza kwamba kesho, siku ya kuondoa tanga, baada ya khitma, atatamka mbele ya jamaa wote kuwa binti hatarudi kwa mwanaume huyo. Atabaki hapa na mama yake, na mume akitaka kumdai aje na wazee wake, waanze kwa kueleza kwa nini mtoto wao anawaibia wageni mlangoni kwa mkwewe siku anayozikwa. Nilisikia baadaye sababu nyingine za chuki yake juu ya ndoa ile. Sikuwapo zilipotokea, nami naziacha.

"Wewe ndiye mwenye viatu," akasema. "Hatutaki hotuba. Kesho nikikugeukia, sema neno moja tu: ndiyo, vimeibwa."

"Neno hilo siwezi kulisema."

"Kwani unavyo?"

"Sinavyo. Kutokuwa navyo ni jambo moja. Kuibwa ni jambo la pili. Na kuibwa na mtu huyu ni la tatu."

"Shemeji," akasema, akitikisa kichwa, "ulistaafu kweli wewe?"

Binti aliniletea kahawa. Nimemjua tangu akiwa mchanga. Huniita baba mkubwa. Alipiga goti kidogo, akatoa shikamoo, akaiweka kahawa, na badala ya kuondoka akabaki ameshika sinia.

"Baba mkubwa, umewasikia."

"Nimewasikia."

"Mie kwangu ni Buguruni. Baba alinioza kwa mume wangu kwa mkono wake, na hakuwahi kuniambia nirudi. Lakini siwezi kutoka hapa mjomba akiwa amesimama mlangoni ananizuia, na baba hata udongo haujakauka. Mume wangu naye hawezi kunivuta mkono mbele za watu. Akinivuta, kweli atakuwa mwizi."

"Unataka nifanye nini?"

"Vitafute viatu vyako," akasema. "Basi."

Mume wake alikuwa upande wa nyuma, kwenye mafiga, akipasua kuni. Hakuna aliyekuwa amemkataza kukaa chini ya turubai. Hakuna pia aliyekuwa amemsogezea kiti. Nilipomkaribia aliweka shoka chini, akanisalimu, na kabla sijasema lolote akafuta mikono kwenye suruali.

"Twende," akasema.

"Wapi?"

"Buguruni. Si ndiko viliko? Twende ukaangalie kwa macho yako, baba mkubwa. Mie nimechoka kutazamwa miguuni."

Tulikwenda. Meza yake iko kwenye uchochoro wa viatu, na juu yake alikuwa amezoea kupanga jozi zilizong'arishwa, zilizobaki akizitundika kwa kamba zake juu ya mwamba wa kibanda. Jirani yake anayeuza mikanda alikuwa amemshikia biashara. Aliponiona na fimbo yangu na kandambili zangu mbili za rangi mbili, alisimama.

"Shikamoo mzee. Braza, umeleta mteja au umeleta tatizo?"

"Nimeleta mkaguzi," mkwe akajibu.

"Toba! Mzee, mie sina mizani. Mikanda napima kwa tumbo la mteja mwenyewe."

Nilianza mwisho mmoja wa meza nikaenda hadi mwisho mwingine, nikigeuza kila kiatu nione soli yake. Nilitazama vilivyotundikwa. Nikaomba begi. Akalimwaga lote mbele yangu, kwa hasira ambayo nilimhesabia haki: viatu vya watoto wa shule, vimefungwa viwili viwili kwa kamba zake. Akanieleza kwamba siku ya maziko habari ilimkuta njiani akitoka kununua mzigo, akaja moja kwa moja. Maelezo hayo niliyapokea kama maelezo.

"Havipo hapa," nikasema.

"Kesho utawaambia?"

"Nitawaambia sikuviona hapa."

"Ni hivyo tu?"

"Ndicho nilichokiona."

"Wao watasema nimeshauza."

"Watasema."

Alicheka bila furaha, akaanza kurudisha viatu ndani ya begi. "Baba mkubwa, mie nazama, nawe unayachota maji kwa kijiko cha chai."

Maneno hayo yaliniuma. Wakati huo wapagazi wawili walipita na kabati la nguo, mmoja wao akichechemea. Kila walipopiga hatua, kona moja ya kabati ilipanda na kushuka. Mchuuzi mmoja akawapigia kelele wapishane. Wakabadilishana nafasi, na kona iliyokuwa ikipanda ikahama, ikaenda upande wa pili.

Nililitazama kabati lile mpaka likapotea, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuliona jambo hilo siku iliyotangulia.

Njiani kwenda makaburini nilikuwa nyuma ya msafara, nikipambana na tope. Macho yangu yalikuwa juu ya jeneza, na macho yangu yamefundishwa kazi moja tu maishani, kuona kisicholala sawa. Jeneza lile halikulala sawa. Pembe ya nyuma ya kushoto ilikuwa ikipanda na kushuka kwa mpigo mmoja usiobadilika. Wabebaji walipopokezana na kusogea mbele, mpigo ule ulisogea nao: ukawa ubavuni, kisha ukawa mbele, kisha wote wakapokewa na jeneza likatulia. Siku ile nilidhani ni utelezi. Lakini utelezi haupokezani zamu. Chini ya jeneza lile alikuwapo mtu mmoja ambaye mguu wake mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake. Mtu mwenye miguu sawa hupata urefu huo kwa njia moja tu, nayo ni kuvaa viatu vyangu.

Viatu havikurudi nyumbani, na jeneza nalo halikurudi. Nilimgeukia mkwe. "Jeneza linatunzwa wapi?"

"Msikitini, pale mtaani. Watu wakishazika wanalirudisha."

"Wewe ulikwenda kulirudisha?"

"Mie? Si nilirudi na wewe, baba mkubwa? Nilikumwagia maji ukanawa miguu."

Ilikuwa kweli, na sikuihitaji kauli yake, kwa sababu miguu iliyonawishwa ni yangu.

Siku ya tatu nilitoka Goba mapema, kiuno kikiwa kimekaza kama ubao. Mke wangu alinisihi nikae, anipakie dawa ya kuchua. Nilimwambia nitachuliwa jioni. Sikwenda nyumbani kwa marehemu kwanza. Nilikwenda msikitini, nikasimama nje ya uzio, nikabisha hodi. Muadhini, mtu wa makamo mwenye kofia iliyofumwa kwa mkono, alitoka akanikaribisha. Nilimweleza kwamba mimi si Mwislamu, na kwamba ninatafuta viatu vilivyofuatana na jeneza.

"Vya kahawia?" akauliza. "Kimoja kimenenepa chini?"

Akaniongoza hadi penye rafu ya viatu, pembeni ya mabomba ya kutawadhia. Vilikuwa chini kabisa, vimesukumwa kwenye pembe. Nilivitoa mwenyewe. Ngozi ilikuwa imekauka, na kwenye mishono, mahali soli inapokutana na ngozi, kulikuwa na udongo wa manjano. Mtaa ule una mchanga mweupe. Udongo wa manjano nilikuwa nimeuona mahali pamoja tu, kwenye lundo lililochimbuliwa kutoka chini ya kaburi. Nilikuwa nimevipiga brashi usiku wa kuamkia maziko. Kiatu kilichofichwa ndani ya begi hakikusanyi udongo wa kaburini.

"Waliporudisha jeneza waliingia kutawadha," muadhini akasema. "Adhana ilikuwa karibu. Walipotoka, hivi vikabaki, na mtu mwingine nadhani alikwenda pekupeku au na vya mwenzake. Hutokea. Nimemwekea mwenyewe. Nasikia aliyevivaa ni—"

"Ulimwona amevivaa?"

"Kumwona hasa, hapana. Lakini wanasema—"

"Basi usinitajie, nakuomba."

Alinitazama kwa mshangao, kisha akatabasamu. "Hutaki kumjua?"

"Nataka sana. Ndiyo maana sitaki kuambiwa na mtu ambaye hakumwona."

Nilikaa kwenye ukingo wa saruji nje ya uzio, nikavivaa, nikafunga kamba. Niliposimama, kiuno kilishusha pumzi. Udongo sikuufuta. Kwa mara ya kwanza katika miaka yangu ya kuvaa viatu vile, nilitembea katikati ya mtaa vikiwa vichafu, kwa kukusudia.

Khitma ilikuwa imekwisha nilipofika. Jamaa walikuwa wamekaa chini ya turubai, sahani za pilau zikiondolewa. Mkwe alikuwa amesimama karibu na ukuta, mikono nyuma. Mjomba aliponiona aliinuka, akapaza sauti.

"Mzee wetu huyo hapo, shahidi mwenyewe. Shemeji, sema, tusichelewe."

Kisha akaniona miguuni. Na wengine wakaona, mmoja baada ya mwingine.

Sikuketi. Nilisema kwamba nitaeleza niliyoyaona, na yeyote atakayetaka kuniongezea aongeze aliyoyaona yeye. Nikaeleza jeneza lilivyokuwa likipanda na kushuka na jinsi mpigo ulivyohama na mbebaji. Nikainua mguu wa kushoto juu ya kiti cha plastiki, nikawaonyesha udongo wa manjano kwenye mshono. Nikaeleza nilikovipata. Halafu nikaeleza habari za mkwe: kwamba makaburini nilimwona anavua viatu vyeusi visivyo na kamba kabla ya kuteremka kaburini kumpokea baba mkwe wake, kwamba alipotoka alivaa vilevile, kwamba alirudi nyumbani pamoja nami, akaninawisha, na kwamba mpaka naondoka siku ile hakuwahi kutoka mbele ya macho yangu kwenda msikitini wala mahali pengine.

"Kabla ya hapo je?" mjomba akauliza. "Wakati jeneza liko njiani?"

"Njiani nilimwona wapi sikumbuki, na sitasema nakumbuka. Lakini aliyekuwa na viatu vyangu njiani alikuwa navyo pia alipofika, na huyu alifika na viatu vyeusi."

"Anaweza kuwa alibadilisha."

"Anaweza kuwa alifanya mambo mengi. Uliona akibadilisha?"

Yule aliyekuwa amesema kwamba begi limevimba aliinama kutafuta kitu chini ya kiti chake.

"Basi nani alivivaa?" mjomba akauliza, na sauti yake ilikuwa imepungua uzito.

"Sijui. Mtu aliyekuwa na haraka ya kumbeba rafiki yangu. Huyo sina ugomvi naye. Ningeweza kutembea vizuri ningefanya haraka kama yeye. Na neno wizi, katika jambo la viatu vyangu, mimi mwenye viatu ninaliondoa. Anayetaka kuendelea nalo atafute viatu vyake mwenyewe."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Mjomba alifungua kinywa.

"Shemeji, pamoja na heshima yako, haya ni mambo ya ndani ya familia—"

Hapo sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya pazia la dirishani, dirisha la chumba ambamo mjane alikuwa amekaa eda. Aliyesema sikumwona. Sauti niliisikia mwenyewe, na nimeisikia kwa miaka mingi ikinikaribisha chakula katika nyumba ile.

"Kaka," ilisema, "jana mlikuwa mkimwita shahidi. Leo amekuwa mtu wa nje?"

Mjomba akageuka kulitazama pazia.

"Mwanangu," sauti ikaendelea, taratibu, "funga vitu vyako. Mumeo asije akakosa gari."

Mjomba akavuta kiti kilichokuwa karibu na mlango, kile alichokuwa akikikalia tangu siku ya kwanza, akakisogeza pembeni, akakaa, akaomba maji ya kunywa. Mlango ukawa wazi. Sijui alikuwa akiwaza nini. Alikunywa maji yote.

Binti alitoka na begi dogo na mtandio mweusi. Alikwenda kwanza kwa mjomba wake, akapiga goti, akampa mkono. Mjomba alimpa wake. Walizungumza, lakini kwa sauti ya chini, na kutoka nilipokuwa nimesimama sikusikia neno. Kisha akaja kwangu, akaniaga. Mume wake akachukua lile begi dogo, akalitia begani juu ya begi lake kubwa.

Baadaye nimeambiwa mengi kuhusu wawili hao: kwamba wanaishi vizuri, kwamba wamehama, kwamba mjomba amewatembelea, kwamba hajawatembelea. Waliowaona ni watu wengine, nao wayaandike. Mimi nilisimama chini ya turubai, nikawatazama wakishuka uchochoro kuelekea barabarani, mwanamke mbele, mwanaume nyuma yake na mabegi mawili, mpaka wakakata kona penye duka la mkaa.